Leseni huria juu, sehemu zilizofungwa chini: tuangalie programu zetu zinategemea nini

#1 – Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Naleta uzi huu kwa sababu katika mijadala mingi ya programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzirekebisha na kuzisambaza, swali huwa moja tu: leseni yake ni ipi? Mtu akijibiwa kuwa ni GPL, BSD au Apache, mjadala huishia hapo, na kila mmoja huridhika kwamba programu hiyo ni huru na kwamba taasisi yake haitakuja kushikwa mateka na kampuni yoyote. Kwa maoni yangu hapo limeulizwa nusu ya swali. Nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watu baadaye: ili programu hiyo ifanye kazi inahitaji nini kingine, na hicho kingine kinamilikiwa na nani?

Kisa ninachokijua vizuri ni cha DHIS, mfumo ambao watumishi wengi wa afya wa Afrika Mashariki wanautumia kila mwezi kuingiza takwimu za zahanati, vituo vya afya na hospitali, kuanzia wajawazito waliohudhuria kliniki hadi watoto waliochanjwa, ili zipande mpaka wizarani. Mfumo huo ulianzia Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kuondoka, pale mradi wa HISP, uliowaunganisha wataalamu wa huko na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, ulipoanza kutengeneza programu ya kukusanya takwimu za afya ngazi ya wilaya. Programu ile iligawiwa bila malipo pamoja na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, na aliyetaka kuurekebisha aliruhusiwa. Hata hivyo ilijengwa ndani ya Microsoft Access, programu ya hifadhidata, ikaandikwa kwa lugha ya Visual Basic iliyomo ndani ya Microsoft Office, na uchambuzi wa takwimu ukategemea majedwali ya Excel.

Tafakarini maana yake kwa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Msimbo wa DHIS ulikuwa wake, angeweza kuusoma na kuunakili, lakini hakuna mstari hata mmoja wa msimbo huo ambao ungefanya kazi bila Windows na bila Office. Kila kompyuta iliyoongezwa ilihitaji leseni mbili za kampuni moja, au nakala zisizo halali, jambo ambalo sote tunajua lilikuwa la kawaida. Microsoft ilipotoka Access 97 kwenda Access 2000 muundo wa faili ulibadilika, na waliotunza DHIS hawakuwa na sauti yoyote katika uamuzi huo, walilazimika kufuata. Aliyetaka kuuhamishia mfumo kwenye Linux, mfumo endeshi huria, aliruhusiwa na leseni, ila kiufundi hakuwa na pa kuanzia, kwa sababu sehemu aliyohitaji kuihamisha haikuwa ya HISP.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Oslo kilianza kutengeneza toleo la pili, DHIS2, kwa kuandika upya kila kitu. Lengo lilikuwa mfumo unaotumika kupitia kivinjari, usiofungwa kwenye mfumo endeshi mmoja wala hifadhidata moja, na wenye leseni ya BSD. Lugha iliyochaguliwa ilikuwa Java. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha hoja yangu kilipo.

Mwaka 2004 Java haikuwa huria. Sun Microsystems iliigawa bila malipo na watu wengi wakadhani kutolipia ndiyo uhuru, lakini masharti yake hayakuruhusu kusambaza Java iliyorekebishwa kwa uhuru ambao programu huria zinautaka. Kulikuwa na mbadala huria, GNU Classpath na GCJ, ila zilikuwa nyuma, na mradi mkubwa uliotumia vipengele vipya vya Java ya Sun haukuweza kufanya kazi juu yake kikamilifu. Aprili mwaka huohuo Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa GNU, aliandika kuonya kwamba mtu anaweza kuandika programu na kuipa leseni huria kwa nia njema kabisa, kumbe ameifunga kwenye jukwaa lisilo huru, na asigundue mpaka siku atakapojaribu kuiendesha bila jukwaa hilo. Kwa hiyo waandishi wa DHIS2 waliondoka kwenye Access wakaingia kwenye tegemeo lingine lililofungwa. Siwalaumu. Java ilikuwa hatua kubwa mbele, kwa kuwa iliendeshwa kwenye Linux na haikudai malipo kwa kila kompyuta. Lakini uhuru wa DHIS2 siku ile ulikuwa mikononi mwa kampuni ya California ambayo haikuwa na deni lolote kwao.

Kilichookoa hali kilitoka nje ya mradi. Novemba 2006 Sun ilitangaza kuiweka Java chini ya GPL, na Mei 2007 ikatoa sehemu kubwa ya maktaba zake (msimbo uliokwishaandikwa ambao programu nyingine huutumia) kupitia OpenJDK, toleo huria la Java. Hata hapo kazi haikuwa imekwisha. Baadhi ya vipande, kama kile cha kuchora herufi na kile cha sauti, vilikuwa mali ya kampuni nyingine na Sun haikuwa na haki ya kuvitoa. Kampuni ya Red Hat ikaanzisha mradi wa IcedTea mwaka 2007 kujaza mapengo hayo kwa msimbo huria, na Juni 2008 ikafaulu majaribio rasmi ya ulinganifu wa Java. Hapo ndipo mtu aliweza kusema bila kusita kwamba DHIS2, kutoka msimbo wake hadi mfumo endeshi wa seva, inaweza kuendeshwa yote kwa programu huria: Linux, hifadhidata ya PostgreSQL, seva ya programu za Java ya Tomcat, na OpenJDK. Kenya ilipoweka mfumo wake wote wa kitaifa mtandaoni mwaka 2011, ikiwa nchi ya kwanza Kusini mwa Sahara kufanya hivyo kwa DHIS2, msingi huo ulikuwa tayari. Nchi jirani zilizofuata ziliurithi bila kujua kwamba miaka michache tu nyuma haukuwepo.

Msidhani jambo hili ni la Java peke yake. Kisa cha KDE kinaonyesha upande wa kisheria ambao kisa cha DHIS hakiugusi. Matthias Ettrich alianzisha KDE mwaka 1996 ili watumiaji wa Linux wapate mazingira ya kompyuta yanayoeleweka na mtu wa kawaida, akaijenga juu ya Qt, maktaba ya kampuni ya Trolltech ya Norway. Programu nyingi za KDE zilikuwa chini ya GPL. Qt ilitolewa bila malipo kwa waandishi wa programu huria, lakini leseni yake haikuruhusu kusambaza Qt iliyorekebishwa. GPL inadai kwamba unaposambaza programu iliyounganishwa na maktaba, kazi nzima iwe chini ya masharti ya GPL, isipokuwa kwa vitu vinavyokuja na mfumo endeshi wenyewe. Leseni mbili hizo hazikukubaliana, na Oktoba 1998 Debian, mradi unaokusanya na kusambaza Linux pamoja na programu zake, ikaiondoa KDE kwenye hazina yake. Wakati huohuo wengine walikwishaanza kuandika GNOME, Agosti 1997, kwa kusudi la kuwa na mazingira yasiyoitegemea Qt. Trolltech ikaibadilisha leseni ya Qt kwa mara ya kwanza bila kumaliza tatizo hilo, kisha Septemba 2000 ikaiweka Qt chini ya GPL, na KDE ikarudi.

Kuna jambo moja katika kisa cha KDE ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Mwaka 1998, kabla Qt haijawa huria kamili, KDE na Trolltech walianzisha taasisi ya pamoja, KDE Free Qt Foundation, na kutia saini kwamba kampuni ikiacha kutoa toleo huria la Qt kwa miezi 12, taasisi hiyo itakuwa na haki ya kuitoa Qt chini ya leseni ya aina ya BSD. Qt imebadilisha wamiliki zaidi ya mara moja tangu hapo, Nokia ikiwa mmojawapo, na makubaliano hayo yameendelezwa. Ndiyo maana nasema anayelazimika kutegemea kitu cha mwenzake adai njia ya kutokea kwa maandishi wakati bado anahitajika, kwa sababu siku ya ugomvi hatasikilizwa.

Debian, kwa upande wake, imeipa hali hii mahali pake. Hazina yake ina sehemu kuu ya programu huria zinazojitosheleza, ina sehemu ya zisizo huria, na kati yao ina sehemu iitwayo contrib, ambako huwekwa programu ambazo leseni yake haina tatizo lolote lakini haziwezi kutumika, au hata kujengwa, bila kitu kisicho huria. VirtualBox iliwekwa huko ingawa msimbo wake ni GPL, kwa sababu kuujenga, yaani kuugeuza kuwa programu inayoendeshwa na kompyuta, kulihitaji kompaila (zana ya kazi hiyo) ya Open Watcom ambayo Debian haiihesabu kuwa huria. Wapo wanaoona huo ni ukali kupita kiasi. Mimi naona ni uaminifu kwa mtumiaji: anaambiwa mapema kwamba leseni aliyoisoma juu haielezi kila kitu.

Turudi kwenye DHIS2 ya leo, kwa kuwa tegemeo halifi, huhama tu. Sehemu ya ramani ya mfumo huo hutumia ramani za OpenStreetMap, ambazo ni huria, lakini pia imekuwa na ramani za Bing za Microsoft, zikiwemo picha za satelaiti, ambazo hufunguka kwa ufunguo unaotolewa na Microsoft. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza kuifunga huduma ya Bing Maps, akaunti za bure zikikoma tarehe 30 Juni 2025 na za kulipia zikipewa hadi 2028. Msimbo wa DHIS2 haukubadilika hata herufi moja kwa tangazo hilo, leseni yake ya BSD ilibaki vilevile, lakini afisa wa wilaya aliyezoea kutazama vijiji vyake kwenye picha ya satelaiti ya Bing anapoteza kitu, na uamuzi umetolewa mahali ambapo wizara yake haina kiti.

Pendekezo langu ni kwamba taasisi za umma zinapoandika masharti ya zabuni, zisitosheke na mstari unaosema mfumo uwe wa programu huria. Zidai orodha kamili ya maktaba, huduma za mtandaoni, funguo na zana za kujengea ambazo mfumo unahitaji, kila moja ikiwa na leseni yake na mwenye hakimiliki wake, na kwa kila isiyo huria, mzabuni aeleze nini kitaacha kufanya kazi ikiondolewa. Kisha mfumo ujaribiwe kwenye seva tupu yenye vitu huria peke yake kabla ya malipo ya mwisho. Jaribio hilo huonyesha mengi kuliko nyaraka.

Karibuni tujadili.

#2 – Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa historia hii, lakini naomba nipingane nawe kwa heshima. Nimefanya kazi na vituo vya afya vijijini, na huko swali la kwanza ni kama taarifa zitafika kwa wakati. DHIS ya kwanza ilienea kwa sababu ilitumia Access. Kompyuta zilizokuwepo zilikuja na Windows na Office, na vijana wenye ujuzi wa Access walipatikana. Kama waanzilishi wangesubiri mpaka pawe na hifadhidata huria ambayo karani wa wilaya anaweza kuitumia, tungekuwa bado tunajumlisha kwenye makaratasi. Je, huoni kwamba unadai usafi ambao watu maskini hawawezi kuugharimia?

#3 – Mleta uzi

Mkuu, hoja yako nzito na nusu yake naikubali wazi. Kwa Afrika Kusini ya katikati ya miaka ya 1990, Access lilikuwa chaguo lenye sababu, na waliolichagua walikuwa na tatizo la kutatua kesho yake asubuhi. Sidai kwamba mtu asitumie kabisa sehemu iliyofungwa. Nadai ajue kwamba ameitumia, ajue itamgharimu nini kuiondoa, na asijifariji kwa leseni ya msimbo wake mwenyewe. DHIS2 iliandikwa upya tangu mwanzo, ikachukua miaka kabla ya kuaminika kitaifa, na sehemu ya gharama hiyo ilikuwa malipo ya Access yaliyocheleweshwa. Kuhusu umaskini, naona kinyume: tajiri akikatiwa huduma ananunua nyingine wiki ijayo, ilhali wilaya isiyo na bajeti hukaa bila.

Upo mfano wa watu wenye uwezo mkubwa kabisa waliofuata hoja kama yako, nao ni wa Linux yenyewe. Mwaka 2002 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kutunza msimbo wa kiini cha Linux kwa BitKeeper, programu iliyofungwa ya kampuni ya BitMover, kwa sababu ilikuwa bora kuliko zana huria za wakati ule, na kampuni iliruhusu waandishi wa programu huria kuitumia bila malipo. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba anayeitumia bure asijihusishe na kutengeneza zana ya kushindana nayo. Wengi walilalamika, naye akajibu kwa hoja kama yako: inafanya kazi. Aprili 2005, baada ya Andrew Tridgell, mwandishi wa programu huria, kuandika programu ya kuzungumza na seva za BitKeeper, kampuni ikaondoa ruhusa ya bure. Torvalds akaandika Git, zana huria ya kutunza msimbo, kwa siku chache, na toleo la 2.6.12 la Linux la Juni mwaka ule likatoka likitunzwa kwa Git.

Watu hulisimulia hilo kama ushindi, na mimi nafurahi kwamba Git ipo. Lakini aliyekatiwa huduma alikuwa mwandishi wa Linux, akiwa na jumuiya kubwa nyuma yake. Ofisi ya takwimu ya mkoa ikikatiwa huduma haina mtu wa kuandika mbadala kwa wiki mbili. Kwa hiyo uamuzi ambao Torvalds aliweza kuubeba, sisi tuufanye kwa tahadhari zaidi yake.

#4 – Mchangiaji

Naomba kuongeza upande wa simu, kwa kuwa wananchi wengi hukutana na programu kupitia Android kabla ya kompyuta. Mimi ni mwandishi wa programu za simu. Android yenyewe, ile ya msingi, iko chini ya leseni ya Apache. Lakini nikitaka programu yangu ipokee arifa, ionyeshe ramani au ijue mahali mtumiaji alipo kwa urahisi, maelekezo yote yananipeleka kwenye Google Play Services, ambayo imefungwa. Programu yangu ni GPL, msimbo wote uko hadharani, na bado kwenye simu isiyo na huduma hizo nusu ya kazi zake zinakufa. Waliowahi kununua Huawei zilizotoka baada ya Marekani kuiwekea kampuni hiyo vikwazo Mei 2019 wanalijua hili: Android ipo, lakini programu zilizozoea huduma za Google zinasumbua. Swali langu kwa mleta uzi ni hili: je, bado nina haki ya kuiita programu yangu huria?

#5 – Mleta uzi

Ndugu, mchango wako umeniongezea uzi. Msimbo wako ni huria, hilo hakuna anayeweza kukunyang'anya, na mtu mwingine anaweza kuchukua ulichoandika akaondoa sehemu ya Google. Lakini programu kamili unayompa mtumiaji aipakue haijitoshelezi, na ni vyema aelezwe. F-Droid, hazina ya programu huria za Android, hufanya hivyo: programu inayohitaji programu nyingine isiyo huria huwekewa alama, na inayotegemea huduma ya mtandao isiyo huria huwekewa alama yake tofauti. Maktaba zenyewe za Google zilizofungwa hazikubaliwi kuingizwa ndani ya kifurushi kinachojengwa pale, kwa hiyo waandishi wengi hutunza namna mbili za kujenga programu ileile, moja yenye Google kwa ajili ya duka la Play na moja isiyo nayo.

Nakushauri ufuate njia hiyo tangu mwanzo. Weka arifa, ramani na mahali nyuma ya tabaka moja jembamba la msimbo wako, ili sehemu nyingine za programu zisijue ni nani anayetoa huduma hiyo. Kwa ramani kuna maktaba huria zinazotumia data ya OpenStreetMap, na kwa mahali Android ya msingi ina njia yake. Arifa ndizo ngumu zaidi: unaweza kutumia UnifiedPush, njia huria ya kupokea arifa, au programu ikashikilia mawasiliano na seva yako yenyewe kama Signal inavyofanya kwenye simu zisizo na huduma za Google, na hapo utalipia kwa chaji ya betri. Ukilijenga tabaka hilo mapema kazi ni ndogo. Ukisubiri mpaka miito ya Google imesambaa kwenye kila faili, hutaifanya kamwe.

#6 – Mchangiaji

Mimi nina swali la kisheria. Tuna programu ya uhasibu tuliyoiandika wenyewe na tunataka kuitoa chini ya GPL, lakini inatumia maktaba ya kuchapisha ripoti ambayo tulinunua leseni yake, na msimbo wake hatuna. Je, inaruhusiwa?

#7 – Mleta uzi

Jibu linategemea nani ana hakimiliki ya msimbo. Kama kila mstari mmeuandika ninyi, ninyi ndio watoa leseni, na mnaweza kuongeza kifungu cha ziada kinachosema kwamba mnaruhusu programu hii iunganishwe na maktaba ile na kusambazwa hivyo. Bila kifungu hicho, atakayepokea programu yenu hatakuwa na haki ya kuisambaza tena ikiwa imeunganishwa, kwa sababu hawezi kutimiza sharti la GPL la kutoa msimbo wa kazi nzima. Mtakuwa mmempa ruhusa kwa mkono mmoja na kumnyima kwa mwingine, na wengi hufanya hivyo bila kujua.

Lakini kama ndani yake mmechukua msimbo wa GPL wa watu wengine, hamna mamlaka ya kuuongezea kifungu hicho. Lazima mwenye hakimiliki wa kila kipande akubali, na mradi ukiwa na wachangiaji wengi hilo karibu haliwezekani. Msichanganye hali hii na ya maktaba zenye LGPL (leseni ndugu ya GPL yenye masharti mepesi zaidi), au OpenJDK, ambayo GPL yake imeongezewa kifungu kinachoruhusu programu yoyote kuzitumia maktaba zake bila kulazimika kuwa GPL. Huko maktaba ni huria na programu inaweza kufungwa. Kwenu ni kinyume: programu huria na maktaba imefungwa, na ndiyo hali yenye maumivu zaidi kwa mpokeaji.

Mimi si wakili, na kabla ya kutoa hadharani mpelekeeni wakili anayefahamu Sheria ya Hakimiliki. Hata hivyo ningeanza kwa kuitafuta maktaba huria ya kuchapisha ripoti. Zipo, na kazi ya kubadilisha sehemu moja ya kuchapisha ni ndogo kuliko kueleza kifungu cha ziada kwa kila atakayeuliza kwa miaka 10 ijayo.

#8 – Mchangiaji

Ahsante, mleta uzi. Nasimamia seva za taasisi moja ambayo sitaitaja. Nimekagua jana baada ya kusoma uzi huu na nimekuta mifumo yetu ya Java, ambayo yote tulikuwa tukiiita huria, inaendeshwa na Java ya Oracle iliyopakuliwa miaka mingi iliyopita. Je, kuna tatizo au niiache?

#9 – Mleta uzi

Usiiache. Oracle, iliyoinunua Sun mwaka 2010, ilibadilisha masharti mwaka 2019: masasisho mapya ya Java 8 kwa matumizi ya kibiashara yakawa ya kulipia, na mwaka 2023 ikaleta utaratibu wa malipo unaohesabu wafanyakazi wote wa taasisi, hata wasiogusa Java. Kuna matoleo yake mengine yenye masharti tofauti, kwa hiyo andika kwanza ni toleo gani hasa lipo kwenye kila seva na lilipakuliwa lini. Nakala za zamani unazoziona zinaweza kuwa bado ziko chini ya masharti ya zamani, lakini hazijawekewa viraka vya usalama kwa miaka, nalo ni tatizo linalojitosheleza.

Mbadala ni OpenJDK, ileile iliyozaliwa mwaka 2007. Kwenye Debian na Ubuntu imo katika hazina ya kawaida, ingawa si kila namba ya toleo, na pale isipokuwemo au kwa mifumo mingine kuna Temurin, OpenJDK inayotolewa na taasisi ya Eclipse. Chagua namba kuu ileile unayotumia sasa, yaani aliye na 8 aende OpenJDK 8 kwanza, asirukie toleo jipya na kuhama kwa wakati mmoja, maana likitokea tatizo hatajua limetoka wapi. Anza na seva ya majaribio yenye nakala ya hifadhidata, kisha kagua mambo matatu ambayo uzoefu unaonyesha husumbua: ripoti za PDF na michoro, kwa kuwa OpenJDK hutumia fonti zilizopo kwenye seva na seva tupu huenda haina hata moja, vyeti vya usalama mlivyoviongeza kwa mkono kwenye Java ya zamani, ambavyo havihami vyenyewe, na programu yoyote iliyotumia JavaFX au Java Web Start, ambazo zilikuja na Java 8 ya Oracle lakini kwa kawaida hazimo ndani ya OpenJDK.

Ukimaliza, ondoa kabisa Java ya Oracle kwenye seva badala ya kuiacha pembeni, ili hati za kuanzishia mfumo zisiendelee kuiita kimyakimya. Ukikwama kwenye vyeti, niandikie hapahapa na nakala ya ujumbe wa hitilafu, ukiwa umefuta majina ya seva zenu.